Sifuri za Baba

Daftari lilikuwa la kurasa thelathini na mbili, lenye jalada la buluu, la aina ile ile tuliyowagawia wanafunzi. Nililipigia mistari mwenyewe, Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Juni 1977, katika ofisi ya shule ya msingi ninakofundisha hapa Kirua Vunjo. Safu ya kwanza niliandika tarehe. Ya pili, mazoezi ya asubuhi, mchana na jioni. Ya tatu, idadi ya kwenda choo kwa siku. Ya nne, idadi ya mara ambazo mgonjwa hakuwahi kufika chooni. Ya tano, chakula. Mkufunzi wetu chuoni alipenda kusema kwamba mwalimu asiyeweka kumbukumbu anafundisha kwa kubahatisha, nami nilikuwa nimeichukua kauli yake mpaka nyumbani.

Daftari lilikuwa la baba yangu, Mzee Kastori. Mwezi Februari alifanyiwa upasuaji mjini Moshi. Saratani ilikuwa imeota katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa. Daktari aliikata sehemu hiyo, akaziunganisha ncha mbili zilizobaki, na ili mshono upate nafasi ya kupona, akafungua tundu la muda tumboni. Kinyesi kilitokea hapo na kuingia katika mfuko. Mwishoni mwa Mei tundu lilizibwa na njia ya kawaida ikarudishiwa kazi yake, lakini ilikuwa imeisahau. Utumbo ulikuwa umefupishwa, misuli ya kufungia ilikuwa imelala, na haja ilikuja bila taarifa, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku.

Daktari alitupa miezi miwili.

“Jumatatu ya kwanza ya Agosti nitampima,” alisema. “Misuli ikiwa imeamka, ataishi kama watu wengine. Isipoamka, nitalifungua lile tundu tena, na safari hii halitazibwa.”

Aliyepewa kazi ya kuiamsha misuli hiyo alikuwa Sista Mwantum, muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwanamke wa makamo aliyezaliwa mjini Moshi. Siku ya kuruhusiwa alituingiza nyuma ya pazia, akamkalisha baba juu ya kiti, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu, akaeleza. Kaza pale chini kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za watu. Usikaze mapaja, usikaze matako, usizuie pumzi. Hesabu mpaka tano. Kisha legeza, hesabu mpaka kumi. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Haja ikija, usikimbie. Keti, kaza, pumua, isubirishe dakika moja, kesho mbili. Kila siku baada ya kifungua kinywa nenda ukakae chooni kwa saa ile ile, usijikamue.

Muda wote huo baba alitazama dirisha. Mimi ndiye niliyeandika, nukta kwa nukta, nikadhani kwamba kwa kuwa mimi nimeandika, yeye amesikia.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo watu wa rika langu tunalijua kwa kusikia tu. Baba alipokuwa kijana, kabla misheni na shule hazijaziondoa jando za zamani, mwanamume aliyepita jandoni alihesabiwa kuwa amezibwa. Wazee waliiita hali hiyo ngoso. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba tangu siku hiyo mwanamume haendi tena haja kubwa. Kwamba jambo hilo limebaki kwa wanawake, watoto na mifugo. Bila shaka kila mwanamume alikwenda. Ila alikwenda alfajiri, mbali, ndani ya migomba, akiwa amebeba panga kama mtu anayekwenda kupunguza majani, na kuonekana kulikuwa aibu isiyofutika. Jando zilikwisha, baba akabatizwa, akawa mzee wa kanisa, lakini mwili wake haukuacha. Katika kampeni ya afya ya mwaka 1973 alichimba kwa mikono yake choo kilichosifiwa na bwana afya kuliko vyote vya kijiji. Alisema ni cha watoto na wageni. Miaka minne ilikuwa imepita na hapakuwa na mtu aliyemwona akikiingia.

Kwa hiyo mama yangu, Digna, kwa amri ya baba, hakuambiwa chochote. Miezi ile ya mfuko niliubadilisha mimi, na kwake tulisema ni kidonda cha tumboni kinachohitaji kusafishwa. Nilipomletea baba kiti cha mbao chenye tundu katikati, nilichomwagiza fundi seremala ili asichuchumae na mshono wake, mama alikizunguka, akakigusa.

“Hiki cha nani?”

“Cha wageni,” baba alisema.

“Wageni watakaa vizuri,” mama akasema, akarudi jikoni.

Wiki tatu zilipita. Nilipouliza kuhusu daftari, baba alijibu kwamba linaandikwa. Alikuwa amejifunza kuandika katika madarasa ya elimu ya watu wazima, tena kwa mwandiko mzuri, nami sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Lakini alikonda. Alikula robo ya sahani na kuisukuma. Alitoka kabla ya mapambazuko na kurudi jua limepanda. Kanisani hakwenda tena, wala kwenye vikao vya mfereji ambako kwa miaka kumi na mitano hakuna mtu aliyegawa zamu za maji bila yeye. Ukimkuta ameketi, utamwona ameuma meno na mishipa ya shingo imesimama. Nilipouliza alisema anafanya mazoezi. Niliamini kwamba mtu anayejitahidi hivyo hawezi kushindwa.

Tarehe 24 Juni tulikwenda mjini kwa miadi ya Sista Mwantum. Baba alimkabidhi daftari likiwa ndani ya bahasha aliyoifunga kwa gundi. Ndiyo siku nilipoliona mara ya kwanza tangu nilipolipigia mistari.

Safu ya mazoezi ilikuwa imejaa alama za vema, hakuna siku iliyokosekana. Safu ya tatu ilikuwa na sifuri. Ya nne, sifuri. Sifuri ishirini na moja upande huu, ishirini na moja upande ule, zote duara kamili, zimepangwa kama shanga.

Sista Mwantum alifunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

“Mwalimu,” aliniambia, “siku ishirini na moja mtu hajakwenda choo hata mara moja. Mtu huyo ama ni maiti au ananidanganya. Na nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, kwa hiyo maiti si yeye.”

Baba aliniinamia, akasema kwa Kichagga, taratibu, “Mwambie dada huyu kwamba wanaume wa kwetu hatuandiki mambo hayo.”

Kabla sijafungua kinywa, Sista Mwantum alimjibu kwa Kichagga kile kile, cha Vunjo, bila kukosea. “Najua, baba. Mama yangu aliuza vitunguu sokoni na wanawake wa Kirua miaka ishirini. Wewe ni mzee wa nne kutoka mlimani kuniletea daftari la sifuri.”

Baba alitazama dirisha. Lakini safari hii aligeuka.

“Hao watatu waliponaje?”

“Wawili walipona walipoacha kuandika sifuri. Wa tatu ana mfuko mpaka leo. Kaza nikuone.”

Aliweka kiganja juu ya tumbo la baba, chini ya kitovu. Baba akakaza. Alikaza tumbo, mapaja, taya, na uso ukawa mweusi kwa pumzi aliyoizuia.

“Legeza.”

Hakulegeza. Nilimwona akijaribu, na hapakuwa na kilichobadilika.

“Kwa kukaza hunihitaji,” Sista Mwantum alisema, sauti yake ikiwa ya chini sasa. “Umekaza tangu ulipokuwa kijana. Lakini zoezi lina sehemu mbili, na wewe umefanya moja kwa wiki tatu, mchana kutwa. Misuli isiyopumzika huchoka, baba, na ikichoka haifungi. Halafu ukienda huko unakokwenda, unakwenda kwa haraka na woga, haitoki yote. Ile inayobaki ndiyo inayokuponyoka njiani. Nani anapika nyumbani?”

“Mama,” nilisema mimi.

“Anapika nini?”

“Kiburu cha ndizi. Maharage. Jioni baba hunywa kikombe cha mbege.”

“Maharage na mbege vinamsukuma, na hakuna aliyemwambia mpishi.” Alifunga daftari. “Mpishi anajua?”

Mimi niliikunja bahasha tupu, nikaikunja tena.

“Agosti daktari ataniuliza maendeleo, nami sitampelekea sifuri. Mtu anayekaa naye nyumba moja asipojua, sioni namna.”

“Afadhali tundu,” baba alisema. “Kidonda kilikuwa na heshima.”

Katika basi baba alikaa karibu na mlango. Kabla hatujafika Kirua alimsimamisha dereva na kushuka, akasema anataka kutembea. Nilijua sababu, na nilitembea nyuma yake hatua kumi ili asione kwamba najua.

Jioni hiyo niliamua kuvunja amri ya baba. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi za kesho, vidole vyake vikiwa vyeusi kwa utomvu. Nilianza mbali, kama mwalimu anavyoanza. Nilieleza kwamba mwili wa binadamu una mifumo, kwamba mmojawapo ni wa kusaga chakula, kwamba mfumo huo una mwanzo na una mwisho.

“Crispin,” mama alisema. “Ni habari ya choo cha baba yako?”

Niliokota ganda la ndizi lililoanguka.

“Nimeolewa miaka arobaini na miwili. Unadhani nilikuwa naishi na mtu au na gogo?”

“Kwa hiyo unajua.”

“Sijui.” Alichukua ndizi nyingine. “Bibi alitufundisha kabla hatujaolewa. Mume akitoka alfajiri na panga, akirudi bila jani hata moja, usiulize majani yako wapi. Ukiona, hukuona. Wao walifundishwa kuficha, sisi tulifundishwa kutokujua. Basi wewe hukuniambia, mimi sikusikia. Nipe orodha ya vyakula.”

Nilimsomea, naye alikariri. Kesho yake maharage yalitoweka mezani bila maelezo. Ulikuja mtori mlaini, ukaja wali wa mchele wa Mabogini uliopikwa bokoboko, zikaja ndizi mbivu. Kikombe cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kilikuja kikiwa na uji. Baba alikitazama.

“Ulezi umeadimika,” mama alisema.

Kila asubuhi, baba alipomaliza uji wake, mama alisimama uani na kutangaza kwa sauti kana kwamba anawaarifu majirani: “Mimi nakwenda mferejini. Sirudi mpaka jua lifike juu ya zizi.” Akaondoka na ndoo yake, na njia ya kwenda chooni ikabaki tupu. Siku ya tatu niliona nyayo za baba katika vumbi la njia hiyo. Panga alikuwa nalo, lakini hakwenda tena mbali.

Kuhara kulipungua na alianza kula. Lakini kulegeza hakukuwezekana. Nilimsimamia mimi mwenyewe, nikihesabu kwa saa yangu ya mkononi, naye kila nilipofika tano akabaki vile vile, amejifunga kama fundo la kamba lililolowa. Tulikuwa tumebakiza wiki nne.

Jumapili ya tarehe 3 Julai nilikuwa nikipunguza matawi ya kahawa chini ya nyumba. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya migomba ya kihamba chetu, shamba la ukoo, hatua ishirini hivi, mgongo umenielekea, akifanya zoezi la mchana. Mama alitokea upande wa zizi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Kwa desturi angepita njia nyingine. Siku hiyo alisimama. Alimtazama mabega yalivyopanda na shingo ilivyovimba, akautua mzigo, akapangusa uso kwa ncha ya kanga.

“Baba Crispin,” alisema. “Pumua.”

Baba hakugeuka. “Nini?”

“Pumua. Huwezi kulegea ukiwa umezuia pumzi. Hata ng'ombe anajua hilo.”

Nilishika mkasi wangu bila kukata kitu.

“Nani amekuambia?” baba aliuliza hatimaye, na nilijiandaa kuitwa.

“Hakuna aliyeniambia. Ninakufulia nguo miaka arobaini na miwili.”

Baba aliweka mikono juu ya magoti. Kisha niliona mabega ya baba yakitikisika. Nilidhani analia, nikapiga hatua kuelekea kwake. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya ugonjwa.

“Miaka yote hiyo mlikuwa mnatucheka.”

“Tulikatazwa kucheka.” Mama aliketi juu ya mzigo wake wa majani. “Mimi nilicheka siku moja tu. Mwaka ule wa mvua kubwa, ulipotoka na panga ukarudi na tope mpaka kiunoni, ukasema ulikuwa unamkimbiza nungunungu.”

“Nungunungu alikuwapo.”

“Sawa. Alikuwapo.”

“Alikuwapo, Digna,” baba alisema, akafuta macho, na sijui kama kabla ya hapo nilikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina.

“Haya, kaza,” mama alisema. Akahesabu kwa Kichagga, polepole, kama anavyohesabu vichane vya ndizi sokoni. Alipofika tano, alivuta pumzi yeye mwenyewe na kuiachia kwa mdomo, fuuu, kama mtu anayepoza uji. Baba akamfuata. Na pale nilipokuwa nimesimama, katikati ya kahawa, niliona mabega yake yakishuka.

Daftari la pili nililipigia mistari kesho yake. Halikuwa safi kama la kwanza. Tarehe 5 Julai: choo mara kumi na moja, hakuwahi mara tatu. Tarehe 9: mara tisa, hakuwahi mbili. Kulikuwa na siku ya mara kumi na mbili, baada ya baba kula parachichi zima kwa ubishi, na hapo mama alitaka iandikwe pembeni kwamba aliambiwa asile. Wiki ya tatu ya Julai ilikuwa mara sita, hakuwahi mara moja. Aliweza kuisubirisha haja dakika tano, kisha nane, kisha robo saa, akiwa ameketi na mama akimsimulia habari za watu ili asiifikirie. Nimesahihisha madaftari mengi maishani mwangu na sijapata kufurahia hesabu mbaya namna ile. Tarehe 24 Julai, katika safu ya nne, baba aliandika sifuri. Nilimtazama.

“Hiyo ni ya kweli,” alisema. “Muulize mama yako.”

Jumapili iliyofuata, siku moja kabla ya miadi, alikwenda misa. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kitambaa kikiwa ndani ya suruali kwa tahadhari. Baada ya mahubiri nilimwona akifumba macho, midomo ikihesabu. Hakutoka. Wimbo wa mwisho aliuimba amesimama.

Jumatatu, daktari alivaa glovu na kumpima nyuma ya pazia. Nilisikia: “Kaza. Legeza. Tena. Legeza.” Sista Mwantum alisimama nje ya pazia pamoja nami, daftari la pili mkononi, akisoma.

“Nani ameandika hapa pembeni habari ya parachichi?” alininong'oneza.

“Mama.”

“Mpishi,” alisema, akatabasamu.

Daktari alitoka akivua glovu. “Misuli inafunga, na inafungua, jambo ambalo ni muhimu vile vile. Mshono umepona vizuri, na sioni dalili ya ugonjwa kurudi. Hatutafungua tundu lolote. Aendelee na mazoezi. Mara nne au tano kwa siku ni kitu cha kawaida kwa utumbo uliobaki, asitegemee kurudi kuwa kama zamani kabisa. Nitamwona baada ya miezi sita.”

Baba alitoka nyuma ya pazia akifunga mkanda. Alimpa Sista Mwantum mkono wake wa kulia, wa kushoto ukiwa umeushika kiwiko, kama anavyosalimiwa mtu wa heshima.

“Binti,” alimwambia kwa Kichagga, “yule wa tatu, mwenye mfuko, ni wa kijiji gani?”

“Kwa nini, baba?”

“Nitakwenda kuongea naye.”

Sista hakumtajia kijiji wala jina, kwa sababu ya kiapo cha kazi yake. Alisema atamuuliza kwanza mwenyewe kama anataka mgeni.

Tulirudi na basi la saa nane, na baba hakuomba kushushwa njiani. Uani tulikuta wanawake wawili wa jirani wameketi na mama wakichambua kahawa iliyokauka. Mama alituona, akaacha mikono ndani ya ungo. Hakuuliza, kwa sababu ya wageni.

Baba aliwasalimu wote, akaingia ndani, akatoka bila koti. Panga lilikuwa mahali pake, limening'inia kwenye msumari kando ya mlango. Alilipita. Alichukua kopo la maji, akavuka ua mbele ya wale wanawake watatu, mchana kweupe, bila haraka, akafungua mlango wa choo alichokichimba mwenyewe, akaingia.

Wanawake wa jirani waliinamia ungo na kuchambua kahawa kwa bidii sana. Walikuwa wamefundishwa vizuri. Mama peke yake ndiye aliyeinua uso.

“Mlango ule una bawaba inayolia,” aliniambia. “Kesho uutie mafuta.”